Mstari Kwenye Dumu

Kila alfajiri, kabla basi la wafanyakazi wa wizara halijapiga honi pale kona, Debora alilibeba dumu la mafuta kwa mikono miwili, akaliinua mbele ya balbu ya jikoni, akafumba jicho moja kama seremala anayepima ubao, kisha akachora mstari. Kalamu ilikuwa nyeusi, ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi ya mafaili. Mstari wa leo chini ya mstari wa jana, wa jana chini ya wa juzi. Ukilitazama lile dumu kwa mbali ungedhani ni ukuta wa mahabusu, mtu kajichorea siku zake.

Na kweli alikuwepo mtu aliyezihesabu. Obedi, mdogo wake, kijana wa miaka ishirini na moja, alisimama mlangoni na mswaki mdomoni, akingoja hukumu ya siku.

"Kifuniko kimoja," Debora alisema bila kugeuka.

"Kwa sufuria zima, dada?"

"Kimoja, Obedi. Au unataka tumzike Baba?"

Swali hilo lilikuwa na ubaya wake. Ukijibu hapana, umekubali kifuniko kimoja. Ukinyamaza, umekubali pia. Honi ikalia, Debora akatupia mkoba begani, geti likafungwa, na siku nyingine ikaanza kwa Obedi: kumgeuza mzee, kumwogesha mzee, kumpikia mzee, kumbembeleza mzee ale, kuosha vyombo ambavyo mzee hakuvigusa.

Sasa, ili uelewe uchungu wa kifuniko kile, lazima ujue nyumba hii ya Nkuhungu ilikuwaje zamani. Mzee Nikodemo alikamua alizeti miaka thelathini katika kiwanda kidogo kule Kizota. Alitoka kwao Haneti kijana mwembamba, akakabidhiwa mashine, na tangu hapo hakuwahi tena kuwa mkavu. Alirudi jioni anang'aa. Ukimpa mkono unateleza. Shati lake lilinuka mashudu hata likifuliwa mara tatu, na watoto shuleni walimwita Obedi "mwana wa chujio", naye akapigana kwa ajili hiyo, akapoteza jino. Nyumbani mafuta hayakupimwa. Mama yao, enzi za uhai wake, aliyamimina kama mtu anayemwagilia mchicha, na alipofariki Debora alishika mwiko akaendelea pale pale mama alipoishia. Mgeni akila kwao aliondoka na midomo inayong'aa, akapita mtaani makusudi bila kujifuta.

Halafu Septemba ya mwaka jana, asubuhi ya kawaida kabisa, kikombe kilimponyoka mzee mkononi. Kabla hakijamaliza kuvunjika, na yeye alikuwa chini.

Kiharusi kiliulaza upande wa kulia. Mkono ukawa kitu cha kubebwa, ulimi ukawa mzito kama umefungiwa jiwe. Daktari alisema mambo mengi siku ile, lakini Debora alirudi nyumbani na mawili: chumvi na mafuta. Punguza, alisema daktari. Masikioni mwa Debora lile neno liliingia likiwa limeshageuka: acha. Na wiki ile ile, begi la Obedi lilikuwa limefungwa tayari mlangoni, safari ya Mwanza, chuo cha ufundi, fani ya umeme. Akalifungua. Akaandika barua ya kuomba kuahirisha mwaka mmoja. Chuo kikajibu kwa ustaarabu kwamba inawezekana, mara moja tu.

Mwaka mmoja. Aliusema kirahisi. Hakujua kwamba mwaka, ukikaa nao ndani ya uzio wa matofali yenye vipande vya chupa juu, unakuwa mrefu kuliko shule yote ya sekondari. Alizijua nyufa za dari kwa majina. Alijua saa ambayo nzi mmoja mkubwa huingia kupitia dirisha la choo na saa anayotoka, akamwonea wivu kwa kule kutoka. Jordan, aliyekaa naye dawati moja kidato cha sita, alikuwa tayari chuoni kule, na kila Jumapili alimtumia ujumbe wa sauti: "Mwanangu, leo tumefunga nyaya za nyumba nzima, mwalimu kabonyeza swichi, taa zote puu! Wewe upo tu hapo kwenye vumbi?" Obedi alisikiliza ujumbe mara mbili mbili, kisha akaenda kumenya vitunguu.

Maana kazi iliyomfunga, ukiichambua vizuri, haikuwa ya kumgeuza mzee wala kumwogesha. Shangazi Loisi, dada yake mzee, mjane wa Haneti mwenye mikono ya kulimia, alishasema zamani kwamba yuko tayari kuja kukaa na kaka yake. Na alikuja kweli, Juni, akapika kwa sheria ile ile ya kifuniko. Mzee akafunga mdomo. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Wiki ya pili ilipoisha shangazi alifunga kanga yake akasema, "Mimi sikuja mjini kutukanwa na mgonjwa," akapanda gari kurudi kwake. Tangu hapo hoja ya Debora ikawa moja tu, nzito kama kufuli. Wa kumgeuza yupo, wa kumfulia yupo. Nani atampikia akala?

Wala si kwamba kwa Obedi mwenyewe mzee alikula. Alionja. Kile kilikuwa mchuzi kwa jina tu. Kifuniko cha mafuta kilipotea kwenye sufuria kama tone la mvua kwenye barabara ya Nkuhungu mwezi wa kumi. Vitunguu vililowa, vikabaki vyeupe na vibichi, nyanya zikaelea na maganda yao, na binzari ilizama chini ikatulia kama tope. Samaki wa Mtera alikaa juu ya balaa lile akishangaa. Siku moja mzee alitazama bakuli muda mrefu, akamwita mwanawe kwa kidole, akakusanya ulimi wake mzito, akasema neno baada ya neno:

"Hii... ni mboga... au maji ya josho?"

"Ni mboga, Baba."

"Ng'ombe... wakipita humu... kupe wote wanakufa."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso, kisha akafunga mdomo, na bakuli likarudi jikoni kama lilivyokuja. Kufikia Julai mifupa ya mabega yake ilikuwa imeanza kuinua shati. Obedi alimwogesha akihesabu mbavu, na alichokihofia hakumwambia mtu.

Ng'ambo ya uzio, upande wa mabati, aliishi Hamida, mke wa dereva, mwenyeji wa Tanga. Harufu ya jiko lake ilivuka saa sita kila siku bila kubisha hodi. Mchana mmoja Obedi aligeuza ndoo, akapanda, akachungulia.

"Da Hamida, shikamoo. Hivi kwenye mchuzi wako unaweka nini?"

"Naweka mchuzi," Hamida akasema, akacheka sana. "Kwani wewe wako unaweka nini, mashairi?"

Alikuja mwenyewe. Akafunua sufuria la Obedi, akalifunika upesi kama mtu aliyekuta maiti haijafunikwa.

"Mungu wangu. Baba, hii nyanya umeizamisha, imekufa maji."

"Dada anasema kifuniko kimoja."

"Dada yako mwenyewe anakula hivi?"

"Anakula kantini huko kazini."

"Aaa." Hamida akavua pete, akakunja mikono. "Nisikilize. Kitunguu hakiivi kwa maji, kinalowa. Binzari ukiitia kwenye maji inabaki vumbi mpaka kiama. Mafuta weka ya kutosha, kitunguu kiogelee, kiimbe. Kikiwa na rangi ya shilingi, tia tangawizi na saumu. Binzari ifuate, uisikie ikipiga chafya. Nyanya uikoroge mpaka isahau kama iliwahi kuwa nyanya. Halafu usiguse maji! Vijana wote mnaharibikia hapo, mna haraka ya maji. Subiri mafuta yajitenge, yapande juu, mekundu, yakutazame. Yakikutazama, ndani kumeiva."

"Lakini mzee ni mgonjwa, Da Hamida. Mafuta hayo yote..."

"Kwani nimesema umnyweshe? Yakishapanda yamemaliza kazi yao. Chukua kijiko, laza sufuria ubavu, uyaengue. Mpe mzee wako kilichobaki. Lakini huwezi kuengua kitu ambacho hukukiweka."

Siku ile mzee Nikodemo alikula ugali wote. Alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, akifuta bakuli kwa tonge la mwisho mpaka maua ya chini ya bakuli yakaonekana. Alipomaliza aliegemea ukuta akafumba macho, na Obedi akasimama na lile bakuli tupu mkononi, akijifanya anatafuta mahali pa kuliweka.

Sasa likabaki tatizo la dumu. Mafuta yaliyotumika kwa siku moja yalishuka chini ya mstari wa Debora vidole viwili. Obedi alilitazama, akatazama saa, akafanya jambo ambalo mtu aliyefaulu Fizikia hakupaswa kulifanya: akafungua bomba, akaongeza maji mpaka kifuniko kimoja tu chini ya mstari.

Alijua fika maji yatakwenda chini na mafuta yatakaa juu. Alitegemea vitu viwili tu, rangi ya dumu, ambalo lilikuwa la plastiki ya maziwamaziwa isiyoonyesha vizuri, na honi ya basi la wafanyakazi. Vyote vikamtendea haki. Kesho yake Debora aliinua dumu mbele ya balbu, akafumba jicho, akachora, akaondoka. Na keshokutwa. Na wiki iliyofuata. Dumu jipya lilipoletwa Obedi alimwaga maji ya lile la zamani uani, akaanza upya. Mafuta mekundu aliyoyaengua hakuyatupa, mkono ulikataa. Ni mtoto wa mkamuaji, kumwaga mafuta kwake ni kama kukanyaga mkate. Aliyaweka kwenye kopo kubwa la siagi nyuma ya mfuko wa mkaa, na likijaa analeta jingine.

Mzee akaanza kunenepa. Debora akafurahi, akasema, "Umeona? Bila mafuta mtu anapona." Obedi akatazama miguu yake.

Alidhani anachimba njia ya kutokea. Kumbe kila bakuli lililorudi tupu lilikuwa tofali jingine kwenye ukuta wake. Agosti Debora alipika Jumapili moja, kwa kifuniko, na mzee akafunga mdomo. Septemba naye Hamida alileta pilau ya sikukuu, mzee akala kijiko kimoja cha heshima, akamwelekezea Obedi kidole: wewe. Na hapa kuna jambo ambalo Obedi hakulipenda kulitazama sana. Kidole kile kilimpendeza. Alikuwa kijana aliyekwama kwenye uzio, marafiki zake wanawasha taa Mwanza, na yeye alikuwa na kitu kimoja duniani ambacho hakuna mwingine aliyekiweza. Hakumwambia Debora siri. Kuogopa aliogopa, ndiyo. Lakini haikuwa woga peke yake.

Oktoba ikafika na joto lake na vimbunga vyake vidogo vya vumbi, na pamoja navyo ujumbe kutoka chuoni: mwisho wa kuripoti Jumatano, asiyefika nafasi yake itapewa mwingine. Shangazi Loisi alipopigiwa simu alikuja Jumamosi asubuhi, amebeba jogoo hai mkono mmoja na mlenda mkavu mkono wa pili.

"Mbukwenyi!" alipaza salamu ya Kigogo tangu getini. "Nimekuja kujaribu tena. Akinifungia mdomo safari hii namfungua kwa kisu cha jogoo."

Debora, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi, alishika jiko mwenyewe. Jogoo akachinjwa, akachemshwa. Obedi alikuwa uani anafua mashati yake, akifikiria Jumatano, na lile dumu alikuwa amelisahau kabisa. Limebaki vidole vitatu. Katika hivyo vitatu, mafuta yalikuwa kidole kimoja.

Debora alimimina kifuniko cha kwanza. Yakatoka mafuta. Kikaango kikapata moto. Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda akimtazama, na Debora akaona aibu kidogo.

"Kwa heshima ya mgeni," akasema, "leo viwili."

Akaliinamisha dumu zaidi.

Mlio wake ulisikika mpaka kwa Hamida. Kikaango kililipuka kama kimepigwa na radi, matone yakaruka mpaka darini, Debora akapiga ukelele akaangusha dumu, na Obedi alipofika mlangoni na povu la sabuni mikononi alimkuta dada yake ameshika kifundo cha mkono, shangazi amezima jiko, na sakafuni, juu ya saruji, maji meupe yanatambaa kutoka kwenye dumu la mafuta.

Debora aliyatazama. Akachovya kidole, akakionja.

"Maji," alisema. Kisha akamtazama Obedi, na kwa kuwa hakuwa mjinga hata kidogo, hakuhitaji maelezo. "Tangu lini?"

"Julai."

"Miezi mitatu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na hilo lilimtisha Obedi kuliko kelele. "Miezi mitatu unamlisha Baba mafuta, na unajaza maji. Kila asubuhi mimi nachora, na wewe unanicheka."

"Sikucheka, dada."

"Unamuua kwa kijiko! Unamuua kidogo kidogo ili uende zako Mwanza!"

"Si alikuwa anakufa kwa njaa! Ulimwogesha wewe? Ulizihesabu mbavu?"

"Nyamazeni," shangazi akasema. "Anaita."

Kutoka sebuleni ilisikika fimbo ikigonga kiti. Wakaenda wote watatu, Debora na mkono wake ndani ya bakuli la maji baridi. Mzee Nikodemo alikuwa amekaa wima. Alihangaika na ulimi wake, akaupata.

"Mimi... najua."

"Unajua nini, Baba?"

"Kitunguu... kilianza kuimba... mwezi wa saba." Akapumua. "Ninaumwa mkono... siumwi masikio." Akamwelekezea Obedi kidole. "Kopo. Lete... kopo."

Obedi hakuwahi kumwambia mzee habari za kopo. Lakini mtu aliyeishi miaka thelathini na mafuta angeshindwaje kuisikia harufu yake nyuma ya mkaa? Akaenda, akaleta kopo la siagi, akaleta la pili, na la tatu, akayapanga mezani mbele ya dada yake na kuyafunua. Mafuta yalikuwa mekundu ya nyanya na binzari, yametulia, yanang'aa.

"Haya hakuyala," Obedi alisema. "Nayaweka, yanapika, yakipanda juu nayatoa. Hayo hapo. Yale mengine nimeyarudia kupikia mboga yangu. Chumvi sijagusa. Nilishindwa tu kukwambia."

Debora alizungusha kopo moja, akalizungusha tena. Shangazi alitaka kusema kitu, mzee akamnyamazisha kwa jicho.

"Daktari aliniuliza nani anapika nyumbani," Debora alisema mwishowe, akiliangalia kopo. "Siku ile. Mbele ya manesi. Nikasema mimi. Akauliza, mnatumia mafuta kiasi gani. Nikashindwa kujibu, sikuwahi kupima. Akaniangalia mikono." Akautoa mkono wake kwenye maji. Kifundo kilikuwa kimevimba malengelenge mawili madogo. "Wewe ulikuwa unafunga begi. Hukuwepo."

Obedi alikuwa ameizoea ile mistari kwa mwaka mzima akiichukia, na hakuwahi kujiuliza ni nani hasa aliyefungiwa nyuma yake.

Mchuzi wa jogoo siku ile alimalizia Obedi, kwa mafuta aliyoyachota kwenye kopo. Akayaengua mbele ya macho ya wote. Mzee akala. Debora akaonja kwa ncha ya kijiko, akaonja tena, akakaa chini akala bakuli zima kimya, kama mtu anayekutana na marehemu mama yake njiani. Kisha akaweka kijiko, na uso wake ukarudi ule wa asubuhi.

"Sasa ndiyo huendi popote," alisema. "Utaendaje? Nani mwingine anaweza hivi?"

Usingizi wa Obedi ulikuwa mwembamba. Jumapili, Debora na shangazi walipokuwa kanisani, alibaki nyumbani na mzee, akakaa jikoni peke yake, akawaza jambo chafu. Lilikuwa jepesi sana. Leo apike vibaya. Aunguze binzari, atie maji mapema, amletee mzee lile josho, tena na tena mpaka kidole kile kiache kumwelekea. Asipokuwa mpishi tena, nani atamfunga? Alishika hata jagi la maji. Sebuleni mzee alikohoa, kikohozi cha kawaida tu, na Obedi akalirudisha jagi mahali pake taratibu, akaona aibu kana kwamba amekamatwa.

Walipotoka ibadani aliwangoja mlangoni. Alikuwa amevaa shati safi na hakuwa amewasha jiko.

"Leo unapika wewe, dada."

"Nina kidonda."

"Cha mkono wa kushoto."

"Hatakula, Obedi. Unamjua."

"Kama hatakula, Jumatano nitakuwa hapa hapa. Sitakuuliza tena."

Shangazi Loisi akaangua kicheko. "Pika, binti yangu! Na mimi nitazame, maana ukienda kazini atabaki na mimi, na mimi kwetu sikufunzwa kuogelesha vitunguu."

Mzee alidai abebwe. Wakamleta na kiti chake cha plastiki mpaka mlango wa jikoni, mahali ambapo kwa maisha yake yote hakuwahi kukaa, akapewa kijiko mkono wa kushoto. Alikishika kama bosi aliyeshika filimbi. Debora akaweka sufuria, akachukua dumu jipya, ambalo halikuwa na mstari hata mmoja, akaanza kumimina. Kifuniko kikapita.

"Sema basi," alimwambia mdogo wake.

Obedi alikuwa ameifunga mikono nyuma. "Simo."

"Obedi!"

"Tazama kitunguu, usinitazame mimi."

Debora akamtazama baba yake badala yake. Mzee alikuwa amefumba macho, kichwa amekiinamisha upande, vile alivyokuwa akiisikiliza mashine pale Kizota kujua kama mbegu imeiva kukamuliwa. Debora akaendelea kumimina. Vitunguu vikaingia, kwanza kwa mnong'ono, kisha vikafungua sauti. Na mara tu alipoona nyanya imeanza kushika chini, mkono wake, kwa woga wa mwaka mzima, ukaruka kwenye jagi la maji.

Kijiko kikagonga kiti.

"Bado," mzee akasema.

Obedi ilibidi atoke. Vidole vilikuwa vinamwasha. Mwiko ulikuwa unapita mbali na pembe ya sufuria, palepale nyanya inapopenda kuungua, na angekaa dakika moja zaidi angeunyakua. Akaenda uani kwenye kamba. Mashati yake ya jana yalikuwa yamekauka, magumu kwa jua na vumbi. Akaanza kuyaanua moja moja na kuyakunja, ingawa hakuna mtu aliyekuwa amemwambia ayakunje.

Juu ya mabati kikatokeza kichwa cha Hamida.

"Leo jikoni kwenu kuna mgeni, nasikia."

"Nani kakwambia?"

"Mwiko wake. Unakoroga kama unaomba radhi." Akamtazama na shati mkononi. "Ataweza?"

Obedi alikuwa amebana kibanio cha nguo katikati ya meno, na ilikuwa vizuri hivyo, maana neno lilikuwa limefika ulimini: punguza moto, dada, punguza sasa. Akaling'ata pamoja na kibanio. Kupitia dirishani alisikia ule mlio mkali ukishuka. Ulishuka wenyewe, bila ushauri wa mtu, ukawa mzito, ukawa mtokoto wa polepole wenye kupasukapasuka. Harufu ikafuata. Haikuwa ya kwake. Ilikuwa na tangawizi nyingi kuliko alivyozoea kuweka, harufu ya mkono mwingine.

"Bado?" sauti ya Debora iliuliza.

"Bado."

Upepo ulipita uani ukazungusha vumbi kidogo, ukaliacha. Obedi alisimama na shati jeupe limekunjwa mkono mmoja tu, wa pili unaning'inia.

Ndani, mwiko ukasimama.

"Baba," Debora akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana wa zamani sana. "Baba, kama yanapanda. Pembeni hapa. Mekundu."

Mzee Nikodemo hakujibu upesi. Maisha yake yote hakuwahi kuyaharakisha mafuta. Obedi alisubiri "bado" nyingine, haikuja, na kule jikoni kijiko cha Debora cha kuengulia kikagusa ukingo wa sufuria, mara moja, kwa upole, kama mtu anayebisha mlango asioujua.